Sura ya Sita: Hesabu Ikae Ndani ya Mchoro

Kila anayeshughulika na jedwali la nondo anaijua kanuni hii, hata kama hajawahi kuuliza ilikotoka: uzito wa mita moja ya nondo, kwa kilo, ni d²/162, ambapo d ni kipenyo kwa milimita. Namba 162 haikuokotwa njiani. Chuma cha nondo kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo. Zidisha kwa eneo la duara, yaani π/4 mara kipenyo kwa kipeo cha pili, badili milimita ziwe mita, na kinachobaki ni kipenyo kwa kipeo cha pili kikigawanywa kwa 162 na ushei. Nondo ya 12 inatoa kilo 0.889 kwa mita, ya 16 inatoa kilo 1.58. Sasa iandike kanuni hiyo ndani ya mchoro wa kompyuta, tuma faili kwa ofisi nyingine, na ile 2 ndogo iliyopanda juu ya d idondoke: d2/162. Asomaye atazidisha kwa mbili. Nondo ya 12 itashuka hadi kilo 0.148 kwa mita, sehemu moja ya sita ya uzito wake halisi, na ya 16 itabaki na sehemu moja ya nane. Kadiri nondo inavyonenepa ndivyo kosa linavyozidi, na nondo nene ndizo zinazobeba jengo.

Mtu anaweza kusema kwamba hakuna mkadiriaji majenzi atakayepitisha tani sita zilizogeuka kuwa tani moja. Ni kweli, na kosa lenye kelele ya namna hiyo halitishi sana. Yanayotisha ni yale yanayopita kimya. Mhandisi anayetaka maji ya zege yasizidi sehemu 0.45 ya uzito wa saruji huandika ≤ 0.45. Alama ikipotea njiani, mpokeaji ataona ?0.45, au 0.45 tupu, na hapo hakuna namba iliyokosewa wala jumla isiyolingana. Kilichopotea ni maana: hiyo 0.45 ni kikomo cha juu, cha chini, au ndiyo shabaha yenyewe? Hoja ya sura hii ni kwamba alama za hesabu na chati ni sehemu ya mchoro sawasawa na mistari ya kuta, na zinastahili nidhamu ile ile: ziwe na skeli, zijulikane zimetoka wapi, na zisomeke na mtu na mashine huko ziendako. Mazoea ya ofisi nyingi ni mengine. Hesabu hufanywa kwenye Excel, fomula huandikwa kwenye Word, kisha zote hubandikwa pembeni mwa karatasi kama picha, dakika za mwisho, wakati mchoro wenyewe umekwisha kukaguliwa.

Mazoea hayo hayakuletwa na kompyuta. Mwaka 1963, Ivan Sutherland alipowasilisha programu yake ya Sketchpad katika chuo cha MIT huko Marekani, mchoro na hesabu vilikuwa kitu kimoja. Mistari yake ilijua kwamba inapaswa kuwa sambamba au kulingana kwa urefu, na ukisogeza ncha moja, mingine ilijirekebisha. Miongoni mwa mifano aliyoionyesha ni daraja la vyuma vilivyounganishwa kwa pembetatu. Programu ilikokotoa nguvu katika kila kipande na kuiandika namba juu ya kipande hicho hicho, pale pale kwenye kioo. Namba haikuwa maelezo yaliyoambatanishwa baadaye. Ilizaliwa na umbo, na umbo likibadilika nayo inabadilika. Kwa vipimo vya hoja yetu, mchoro ule wa zaidi ya miaka 60 iliyopita umeitangulia mingi inayotolewa leo.

Kilichotutenganisha na Sketchpad ni bei. Kompyuta ya Sutherland ilikuwa ya maabara, na mashine kama hiyo hazikuwa nyingi duniani. AutoCAD ilipotoka Desemba 1982 ililenga kompyuta ndogo za mezani, na kila herufi ililazimika kuwa nyepesi. Herufi zake za awali hazikuwa na unene. Zilikuwa mikato ya mistari ambayo kalamu ya mashine ya kuchorea ingeweza kuifuata. Alama zilizohesabiwa kuwa za lazima kwa mchoraji zilipewa njia ya mkato: %%c kwa kipenyo, %%d kwa nyuzi, %%p kwa ±. Njia hizo zinafanya kazi mpaka leo na wachoraji wanazijua kwa vidole. Mengine yote, yaani herufi za Kigiriki, mizizi, alama za jumla, yalitafutiwa fonti maalumu, na hapo ndipo mtego ulipotegwa. Katika fonti ya Symbol, kwa mfano, anayeandika p anaona π, na anayeandika s anaona σ. Faili lenyewe halikuhifadhi π. Limehifadhi herufi p pamoja na jina la fonti. Likifika kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, programu huchukua fonti nyingine iliyo karibu, na mkazo σ unageuka kuwa s, herufi ambayo katika mchoro huo huo huenda imetumika kwa nafasi kati ya nondo. Pale fonti iliyopo isipokuwa na alama inayotakiwa kabisa, AutoCAD huweka alama ya kuuliza. Heri hiyo, kwa sababu alama ya kuuliza angalau inakiri kwamba kuna kitu kimepotea.

Yunikodi, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, ilimaliza sehemu kubwa ya tatizo hili kwa kuipa kila alama namba yake isiyotegemea fonti. Kipeo cha pili kina namba yake, ± ina yake, ≈ ina yake, na katika AutoCAD unaweza kuandika \U+00B2 ukapata ² itakayobaki ² popote penye fonti yenye umbo hilo. Hata hivyo Yunikodi imeleta usumbufu wake. Duara lililokatwa kwa mstari lipo zaidi ya mara moja: U+2300 ndiyo alama ya kipenyo, U+2205 ni alama ya seti tupu, U+00D8 ni herufi ya Kidenmaki na Kinorwe, na φ ya Kigiriki, U+03C6, huandikwa na wengi kwa kazi hiyo hiyo. (Seti tupu na herufi ya Kinorwe ni ndugu wa kweli: mwanahisabati Mfaransa André Weil, mmoja wa kundi la Bourbaki, ndiye aliyeichukua herufi hiyo akaifanya alama, mwishoni mwa miaka ya 1930.) Kwenye karatasi iliyochapwa macho hayazitofautishi. Lakini mkadiriaji akihamishia jedwali kwenye Excel na kuiambia programu ihesabu mistari yote yenye Ø16, ile iliyoandikwa kwa ∅ haitahesabiwa, na hakuna onyo litakalotokea. Ofisi inayochagua alama moja na kuishikilia inapata faida kubwa kwa gharama ndogo sana, nami sioni sababu ya kutofanya hivyo.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani ninatetea usafi wa maandishi tu. Basi tuangalie alama inayobeba fikra nzima. Chukua bamba la chuma lenye tundu la bolti. Namna ya zamani ya kuonyesha kosa linaloruhusiwa ni kusema kitovu cha tundu kisipotoke zaidi ya ±0.1 mm upande wa kulia na kushoto, wala ±0.1 mm juu na chini. Kwa maneno mengine, kitovu kinaruhusiwa kuwa popote ndani ya mraba wa 0.2 kwa 0.2. Tundu lililoangukia kwenye kona ya mraba huo limepotoka 0.141 mm kutoka mahali pake, na linapita. Tundu lililopotoka 0.12 mm kuelekea kulia moja kwa moja linakataliwa, ingawa liko karibu zaidi na mahali pake. Bolti haijui kona. Kinachoihusu ni umbali tu. Stanley Parker, aliyefanya kazi katika kiwanda cha silaha za majini huko Alexandria, Scotland, aliliona jambo hili mnamo 1938 na akapendekeza eneo la duara badala ya mraba. Duara linalozunguka mraba ule lina kipenyo cha 0.28 mm, na eneo lake ni kubwa kuliko la mraba kwa asilimia 57, maana uwiano wake ni π/2. Mabamba mengi yaliyokuwa yakitupwa kumbe ni mazima. Leo yote hayo yanasemwa na kisanduku kimoja chenye vyumba vichache: duara lenye msalaba, kisha ⌀0.28, kisha herufi za nyuso zinazopimiwa. Hapo alama haikufupisha maneno tu. Iliruhusu kusemwa jambo ambalo namba mbili zenye ± haziwezi kulisema.

Sasa tofauti kati ya kuandika na kubandika inaonekana vizuri. Kisanduku hicho kikiwekwa kwa zana yake ndani ya programu, mashine inatambua kwamba ni sharti la mahali, na kwamba kiasi chake ni 0.28. Kikichorwa kwa mistari minne na maandishi, au kikibandikwa kama picha, jicho litaridhika lakini mashine ya ukaguzi itaona mistari minne. Kiwango cha kimataifa cha STEP AP242, kilichotolewa mwaka 2014, kilitengenezwa kwa sehemu kubwa ili masharti haya yasafiri pamoja na umbo la vipimo vitatu, yakiwa na maana yake. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba alama za mchoro ni mabaki ya enzi za karatasi, na kwamba modeli ya vipimo vitatu imezifuta, wanasahau kwamba viwanda vilivyoendelea zaidi katika modeli hizo vimehangaika miaka mingi kuhakikisha alama hazipotei. Umbo peke yake husema kitu kikoje kikiwa kamili. Haliwezi kusema kinaruhusiwa kukosewa kwa kiasi gani.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye ujenzi. Tarehe 17 Julai 1981, madaraja mawili ya kupitia watu yaliyoning'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, yalianguka. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Katika usanifu wa awali, vyuma virefu vilishuka kutoka darini, vikapenya boriti za daraja la ghorofa ya nne, vikaendelea hadi daraja la ghorofa ya pili lililokuwa chini yake. Kila daraja lilikalia nati zake, na kila nati ilibeba mzigo wa daraja moja, tuuite P. Kukata uzi wa skrubu kwenye chuma kirefu namna ile kulikuwa na taabu, hivyo ukafanywa mpango wa kutumia vyuma vifupi viwili: kimoja kutoka darini hadi daraja la juu, kingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwa mtazamaji ni badiliko dogo, inchi chache kando ya tundu la kwanza. Lakini sasa daraja la chini lilining'inia kwenye boriti za daraja la juu, na nati iliyo chini ya boriti hizo ikabeba 2P. Uchunguzi ulibaini pia kwamba hata mpango wa awali ungebeba takriban asilimia 60 tu ya kiwango kilichotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo. Hesabu ya kiungio hicho haikuwa imefanywa, na wahandisi waliohusika walipoteza leseni zao katika jimbo la Missouri.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba Kansas City ni suala la wajibu, wala halihusu uandishi wa alama. Mhandisi aliyepitisha mchoro alipaswa kukokotoa, basi. Sipingi, na ndivyo ilivyoamuliwa. Ila wajibu hauelei hewani. Unatekelezwa juu ya karatasi fulani, na karatasi ile ilionyesha chuma, nati na boriti bila kuonyesha mzigo. Laiti desturi ingekuwa kwamba kila kiungio kinachoning'iniza kitu kiandikwe mzigo wake kando yake, aliyechora badiliko angekutana na nafasi mbili za kujaza: P hapa, na pale? Asiyejua jibu angelazimika kuuliza. Siwezi kudai kwamba maafa yangezuilika. Ninachodai ni kwamba mchoro usio na hesabu ulifanya badiliko la kufisha lifanane na badiliko la urahisi.

Zaidi ya alama kuna chati, nazo zina historia ndefu kuliko kompyuta. Mskoti William Playfair alichapisha grafu za mistari na za nguzo mwaka 1786, na chati ya duara mwaka 1801. Katika michoro ya uhandisi, chati inayotumika kuliko zote haiitwi hata chati: ni mkato wa urefu wa barabara, unaoonyesha ardhi ilivyo na barabara itakavyopita. Huo ni grafu halisi yenye mihimili miwili isiyolingana. Kwa kawaida skeli ya ulalo huwa kama 1:1000 na ya wima 1:100, ili mabonde na vilima vionekane. Mteremko wa asilimia 5, ambao ardhini una pembe ya nyuzi 2.9 tu, kwenye karatasi unainuka kwa nyuzi 26.6. Anayeweka rula ya pembe juu yake anapima kitu ambacho hakipo duniani. Hili si kosa la mchoro, mradi skeli zote mbili zimeandikwa na mihimili ina vipimo vyake. Chati iliyobandikwa kama picha ndiyo yenye kosa: ikivutwa kona ili ijae nafasi iliyobaki, uwiano wa mihimili unavunjika na maandishi ya skeli yanabaki yakidanganya.

Mfano ulio karibu zaidi na makazi yetu ni jua. Vitabu vingi vya usanifu vilivyoandikiwa Ulaya humwambia msanifu akinge madirisha ya kusini, na huko ni sahihi, kwa kuwa jua la adhuhuri daima liko kusini. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, na jua lake huhama. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi kwenye tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini. Miezi iliyobaki huwa kusini. Adhuhuri ya 21 Juni linakuwa nyuzi 30.2 kutoka utosini kuelekea kaskazini. Ile ya 21 Desemba, nyuzi 16.6 kuelekea kusini. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 linahitaji upenu wa 1.2 × tan 30.2°, sawa na sentimita 70, ili lifunikwe lote na kivuli adhuhuri ya Juni. La kusini linatosheka na sentimita 36 adhuhuri ya Desemba. Hesabu hii inaingia kwenye mchoro bila shida: mstari mmoja wa pembe kwenye mkato wa dirisha, tarehe, na chati ndogo ya njia ya jua kwenye kona. Ikiwa pale, mwenye nyumba anayetaka kupunguza upenu wa kaskazini hadi sentimita 40 ili kuokoa mabati anaweza kuonyeshwa kwa rula kwamba jua litaingia sentimita 51 za chini za dirisha lake. Isipokuwapo, upenu ni urembo tu, na urembo ndio hukatwa kwanza bajeti ikibana. (Jua la asubuhi na jioni ni habari nyingine, upenu haulizuii, na chati hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha hivyo.)

Zana za kufanya haya zipo, na si ngeni. AutoCAD ilipata majedwali ya kweli katika toleo la 2005, pamoja na sehemu za maandishi zinazosoma thamani kutoka kwenye mchoro: eneo la chumba linaloandikwa ndani ya chumba na kubadilika ukuta unaposogea. Toleo la 2008 liliongeza kiungo kati ya jedwali la mchoro na faili la Excel. FreeCAD, ambayo haiuzwi, inaruhusu lahajedwali lake kuamua vipimo vya umbo na kisha kuonekana kwenye karatasi ya mchoro. Udhaifu mkubwa umebaki kwenye fomula ndefu. AutoCAD haina kihariri cha milinganyo; mchoraji hupanga sehemu na vipeo kwa mkono, na jambo lolote lenye kipeuo juu ya sehemu humshinda. Wengi hukimbilia kubandika kutoka Word, na kitu kilichobandikwa hivyo hubaki mtumwa wa programu iliyokizaa: kompyuta isiyo nayo haiwezi kukihariri, na kikichapwa mara nyingi hutoka na ukungu. Njia bora ni kuandika fomula kwa LaTeX, mfumo uliojengwa juu ya kazi ambayo Donald Knuth aliianza mwaka 1977 kwa sababu hakuridhika na jinsi vitabu vyake vya hesabu vilivyopangwa, kisha kuitoa kama mistari na kuiingiza kwenye mchoro. Mistari hiyo itachapika safi kwa skeli yoyote, ingawa haitatafutika wala kuharirika. Kwa hiyo andiko la asili la LaTeX lihifadhiwe ndani ya bloku hiyo hiyo kama sifa iliyofichwa, ili atakayekuja baada ya miaka mitano asilazimike kuibuni upya.

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni la msongamano: karatasi imejaa, na hesabu mahali pake ni kwenye ripoti. Ripoti inabaki na kazi yake. Hakuna anayetaka kurasa 80 za hesabu za mihimili zihamie kwenye mchoro. Kinachohamia ni tokeo na mlinganyo ulioliamua, tena mahali linapotumika. Ripoti hukaa kwenye kabati la mshauri, mchoro ndio unaofika eneo la ujenzi. Suala la nafasi lina nidhamu yake pia. Kiwango cha ISO 3098 kinapanga vimo vya herufi kuwa milimita 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7 na kuendelea, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa takriban kipeuo cha pili cha 2, uwiano ule ule wa karatasi za A. Hivyo herufi ya 5 kwenye A1 inakuwa 2.5 mchoro unapopunguzwa hadi A3, na bado inasomeka. Kipeo kinachoandikwa kwa sehemu sita za kumi za herufi yake kinabaki na 1.5, ambacho kinavumilika. Mchoraji aliyeanza na herufi za 2.5 kwenye A1 ndiye mwenye tatizo: kipeo chake kwenye A3 kina kimo cha 0.75 mm, na nakala ya kivuli itakimeza. Na michoro inayotembea eneo la ujenzi mara nyingi ni hiyo ya A3.

La pili ni kwamba fundi hasomi fomula. Anayesema hivi hajamtazama fundi wa nondo akifanya kazi. Maandishi kama 20H16-01-200 T1 yanambebea nondo 20, chuma cha nguvu ya juu, kipenyo 16, alama ya nondo 01, nafasi ya milimita 200, safu ya nje ya juu. Hiyo ni lugha ya hesabu iliyobanwa kuliko milinganyo mingi ya darasani, na anaisoma huku akikunja. Kinachomkwaza ni kutokufuata mpango mmoja. Kabla ya toleo la 2005 la kiwango cha Uingereza BS 8666, chuma hicho kiliandikwa T, na T hiyo hiyo ikimaanisha pia safu ya juu. Michoro mingine ya Afrika Mashariki bado inaandika T au Y, ilhali ile iliyofuata desturi ya Kifaransa, kama ya Burundi na Kongo, huandika HA. Fundi aliyetoka Bukavu akapata kazi Kigoma anahitaji maelezo ya alama kwenye karatasi yenyewe. Mistari mitano inatosha.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliona kuwa na uzito. Jedwali lililounganishwa na Excel linaweza kubadilika bila mtu kujua: mtu anarekebisha faili la hesabu Jumatatu, mchoro uliokwisha kusainiwa unafunguliwa Jumatano, na namba zimekuwa nyingine. Picha iliyobandikwa, kwa mapungufu yake yote, haibadiliki. Mchoro ni hati ya mkataba, na hati ya mkataba isiyotulia ni hatari kuliko iliyo butu. Jibu langu ni kutenganisha nyakati mbili. Wakati wa kusanifu, kiungo kibaki hai, kwa sababu hapo ndipo umbo na hesabu vinapobadilika kila saa na hapo ndipo kusahau kunapotokea. Siku ya kutoa mchoro, kiungo kikatwe, namba zigandishwe, herufi ya toleo na tarehe viandikwe kando ya jedwali lenyewe, na nakala ya PDF/A, muundo uliowekewa kiwango cha ISO mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka, ndiyo iwe rekodi. Muundo huo unalazimisha fonti zote ziwe ndani ya faili. Picha inayobandikwa tangu mwanzo hukosa yote mawili: haifuati usanifu unapobadilika, na hakuna anayeweza kusema ilitolewa na toleo lipi la hesabu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa mchoro wako unaofuata, fanya majaribio mawili ambayo hayachukui nusu saa. Lifungue faili kwenye kompyuta ya ofisi nyingine, isiyo na fonti zako, na usome kila alama ya hesabu, moja baada ya nyingine. Kisha chapa karatasi ya A3, itoe nakala ya kivuli, na umpe mwenzako ambaye hakushiriki akusomee vipeo na skeli za chati. Akisita mahali popote, au ukikuta alama ya kuuliza hata moja, usilitoe.